Leo Sina Ulimi

Siku mliyoniaga mlinifunga kitenge kiunoni, mkanikabidhi fungu la emwani, zile za kumkaribisha mgeni, lililofungwa kwa jani kavu la mgomba, mkapiga makofi na kudai Mama aseme neno. Nilishukuru kwa sentensi mbili nikakaa. Machozi yalikuwa karibu, na mimi si mtu wa kulia mbele ya chupa za soda. Mkadhani sina la kusema, mkarudia kuku wenu.

Ninalo. Nilipokuwa nimesimama pale, mmoja wenu aligeukia ukutani, akakandamiza ngumi kifuani, akachomoa kitu cheupe mfukoni akakitupia mdomoni, kisha akatugeukia na tabasamu lake kama kawaida. Simtaji jina. Anajijua. Mgeuko ule naufahamu kwa sababu nimeufanya mwenyewe kwa muda mrefu, na kabla yangu niliuona kwa mtu aliyenifundisha kazi. Tangu siku hiyo nakaa barazani kwangu hapa Kibeta nikijiambia, Leokadia, umestaafu, tulia, hayakuhusu. Nimeshindwa kutulia. Basi naandika, na nyote msome, ili yule mmoja asijione amesakamwa peke yake.

Ya vyeo na mishahara nayaruka. Anayetaka hayo akamuulize mume wangu, atamweleza mpaka yasiyokuwapo.

Mimi ni mtoto wa Muleba, wa kwenye kibanja cha migomba na mibuni kama wengi wenu. Niliingia kiwandani Bukoba mjini nikiwa msichana wa kuchambua buni mezani: kutoa nyeusi, zilizovunjika, mawe na vijiti. Ilikuwa kazi ya macho na mgongo. Siku moja mkuu wa chumba cha kuonjea, Mzee Twaha, alipita nyuma yetu, akasimama kwangu na kuniuliza mbona nimetenga buni ambazo kwa macho hazina kasoro. Nikamwambia zinanuka moshi. Akaziinua puani, akaenda zake. Kesho yake nikaitwa kwenye chumba chake.

Mzee Twaha alikuwa mtu wa mjini, Mwislamu, ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani akaoa hapa. Kiswahili chake kilikuwa na utamu ambao sisi tuliojifunzia shuleni hatukuwa nao. Alikuwa mrefu, msafi, hana haraka, na hakujipaka manukato hata sikukuu mpaka atoke kazini. Swali lake la kwanza kwangu halikuhusu shule.

"Asubuhi umekula nini, binti?"

"Dagaa, Mzee. Na pilipili."

"Basi nenda nyumbani. Kesho uje na kinywa."

Nililia njiani nikijua nimefukuzwa. Kesho yake nilirudi nimekula uji mtupu, na badala ya kahawa akaniwekea glasi tatu za maji. Moja ya bomba, moja ya kisima, moja ya ziwani iliyochemshwa ikapoa. "Sema ipi ni ipi," akaniambia. Nilikosea zote. Siku zilizofuata nilikunywa maji tu, mpaka wenzangu wa kuchambua wakanicheka kwamba nimepandishwa cheo nikawa samaki. Nilipozipata zote bila kubahatisha, ndipo aliponipa kijiko.

Kijiko kile ninacho bado. Nyinyi vya kwenu vinang'aa zaidi, lakini sheria ni ileile: kijiko cha mwonjaji hakiazimwi. Mzee alinifundisha kukaanga sampuli kwenye kikaangio kidogo na kusikiliza buni zinavyoalika zikipasuka. Alinifundisha kumwaga maji ya moto juu ya unga wa kahawa vikombe vikiwa vimepangwa mstari, kusubiri ukoko wa juu utulie, kuuvunja kwa mgongo wa kijiko pua ikiwa karibu kabisa, kisha kufyonza kwa kishindo ili kahawa itawanyike kinywani kote, na kutema kwenye kopo refu la bati. Kufyonza kulinishinda. Mama yangu alikuwa amenilea nisisikike nikinywa hata maji.

"Fyonza, binti," Mzee akasema. "Hapa hakuna mkwe."

Na kulikuwa na sheria yake moja ambayo wengine mnadhani niliitunga mimi. Meza ikishaonjwa, mdogo anasema kwanza, mkubwa anasema mwisho. Alisema mkubwa akitangulia kusema kahawa hii ina ukungu, wadogo wote watausikia ukungu hata kama haupo. Kwa hiyo mimi, msichana wa juzi, nilikuwa nasimama nasema "hii safi, hii ina udongo, hii imechacha," naye anasikiliza, halafu anasema la kwake. Mwezi wa Ramadhani alikuwa hagusi kijiko. Alinusa tu, ananiachia meza. Ni katika Ramadhani moja ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza sauti yangu ikisema jambo na magunia yakapelekwa kwenye daraja nililotaja.

Sasa nifike kwenye kiungulia.

Mzee alikuwa nacho tangu nilipomjua. Kwenye droo yake kulikuwa na kikopo cha magadi, haya haya tunayotilia maharage yaive upesi. Akimaliza chakula cha mchana alikoroga kidogo kwenye maji, akageukia ukutani, akanywa, akacheua kwa sauti na kusema alhamdulillah. Sisi tulicheka. Ilikuwa kama saa ya ofisi: Mzee akicheua, mapumziko yamekwisha. Hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba mtu anayekunywa magadi kila siku ana kitu kinachomchoma kila siku.

Alikwenda zahanati mara kwa mara. Aliporudi alitusimulia kwa dhihaka. "Wananiuliza, mzee unakunywa kahawa? Nikawaambia, mimi? Mimi natema!" Na tukacheka tena, kwa sababu ilikuwa kweli. Alipewa vidonge, vikiisha alirudi kwenye magadi. Miaka ikaenda. Sauti yake ikawa ya mkwaruzo. Akawa anakohoa asubuhi. Kisha nikaona anaacha nyama, halafu anaacha ndizi, anasema zinamkwama. Mhaya akikuambia ndizi imemkwama unatakiwa uogope, hata kama ni Mhaya wa babu kutoka pwani. Akabaki na uji. Kanzu yake ya Ijumaa ikaanza kumning'inia mabegani.

Walipompeleka hospitali kubwa walikuwa wamechelewa. Saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula. Alilala nyumbani kwake kwa muda, na kila aliyekwenda kumwona alimpelekea emwani, kwa sababu mgonjwa haendewi mikono mitupu. Alizipokea kwa mikono miwili mpaka mwisho. Tulimzika baada ya sala ya alasiri, nikarudi chumbani siku iliyofuata nikakuta droo yake na kile kikopo. Nilikitupa. Nilikichukia sana kikopo kile, kana kwamba chenyewe ndicho kilichomuua.

Nikawa mkubwa wa meza. Jovin na Editha mkaja, mnakumbuka mlivyokuwa mnaogopa, na mimi nikawapa glasi tatu za maji. Jovin ulizikosea kwa ujasiri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona.

Nilipofika arobaini na kitu, kiungulia kikanianza mimi. Mwanzoni nilisema ni senene. Msimu wa senene nani hali senene wa kukaanga kwa mikono miwili? Kisha nikasema ni rubisi, ile pombe ya ndizi ya harusini, kisha ni mawazo, kisha ni utu uzima. Chakula kikishuka, baada ya muda kidogo moto unapanda kutoka chembe cha moyo mpaka kooni. Nikiinama kupalilia, maji makali yananijia mdomoni. Naamka sauti imekauka kama ya Mzee. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, na nilishtuka kweli, lakini nilishtuka kimyakimya. Nilinunua vidonge vyeupe vya kutafuna vya dukani, nikawa naviweka mfuko wa koti. Na nikajifunza kugeukia ukutani.

Nilinyamaza kwa sababu mbili, na zote nilizijua. Ya kwanza, mwonjaji mwenye tumbo bovu ni sawa na dereva asiyeona: wakijua wanakuondoa. Ya pili ilinitisha zaidi. Niliogopa kwenda kuambiwa kile alichoambiwa Mzee Twaha.

Halafu ulimi ukaanza kuondoka. Tindikali ikipanda kila asubuhi, kinywa kinaamka kichungu na kichachu, na uji hauondoi. Nilifika mezani, nafyonza kikombe cha kwanza: kimechacha. Cha pili: kimechacha. Meza nzima imechacha. Nikajua haiwezekani, vyama vyote vya wakulima vya Muleba na Bukoba haviwezi kuharibu kahawa siku moja. Chachu ilikuwa yangu. Basi nikawa nasubiri. Sheria si inasema mdogo aanze? Editha unasema safi, Jovin unasema safi, nami nakunja uso kama ninayepima, nasema safi. Editha anasema udongo, nami naitikia, umesema kweli, binti.

Siku moja nikajisikia nikiyatamka maneno hayo, "umesema kweli, binti," na mkono wangu ukasimama hewani na kijiko. Yalikuwa maneno ya Mzee. Miaka yake ya mwisho alikuwa ananiambia hivyo hivyo kila meza, na mimi nilikuwa natoka pale kifua mbele, najua nimekomaa, najua Mzee na mimi ulimi wetu ni mmoja. Kumbe hakuwa na ulimi. Kumbe yule mtu alikuwa anasimama mbele ya vikombe vilivyochacha vyote, anasubiri msichana wa Muleba aseme, ili aitikie. Alikuwa ameniegemea, na sikujua kwamba ni mimi niliyemshikilia.

Niliweka kijiko chini. Nilisikia huruma juu yake, nikashika ukingo wa meza. Mlidhani nimepatwa na kizunguzungu, Editha ukakimbilia kiti. Nikawaambia, mnakumbuka, "Leo sina ulimi. Semeni nyinyi, na muandike majina yenu." Jovin ukauliza, "Umeugua tangu lini, Mama?" Nikakwambia, "Tangu ulipokuwa kwenye glasi za maji." Uliniangalia kwa hofu nikaona aibu kukutisha hivyo.

Nilikwenda hospitali siku ileile, kabla ujasiri haujapoa. Daktari alikuwa kijana mgeni mkoani, mpole, anauliza kwa utaratibu. Unavuta sigara? Hapana. Pombe? Rubisi kidogo kwenye sherehe. Chakula kinakwama? Bado. Umepungua uzito? Nilimwambia natamani. Hakucheka.

"Unakunywa kahawa, Mama?"

"Sinywi."

"Kazi yako?"

"Mwonjaji wa kahawa."

Akaweka kalamu chini. Nikamweleza kwamba tunaonja tunatema, na nilipolisema neno hilo nikasikia sauti ya Mzee na kicheko chetu. Daktari akashika tena kalamu. Ingeishia hapo, kama ilivyoishia kwa Mzee. Lakini muuguzi aliyekuwa anapanga mambo yake kwenye kabati, mama wa makamo, Mhaya mwenzangu, aligeuka.

"Samahani, Daktari. Muulize kama anatafuna."

"Anatafuna nini?"

"Wewe muulize tu."

"Mama, unatafuna?"

"Emwani?" nikasema. "Aa, waitu! Emwani si kahawa. Hiyo ni kumkaribisha mtu."

Muuguzi akashika mdomo. Mimi mwenyewe nikacheka, kisha kicheko kikakatika. Nimefanya kazi ya kahawa maisha yangu yote. Najua emwani ni buni zilizochumwa mbichi, zikachemshwa na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa na maganda yake. Najua ukipasua ganda unakuta kokwa mbili, na unazitafuna. Najua hayo kama ninavyojua jina langu. Lakini mtu akiniuliza kuhusu kahawa, naona kikombe. Emwani ilikuwa upande mwingine wa kichwa changu, upande wa mama, wageni, misa na misiba.

Daktari akataka kujua natafuna kiasi gani, nikaanza kuhesabu. Msimu wa ununuzi tulikuwa tunazungukia wakulima Muleba, na kila mlango unaoingia unapewa emwani kabla hujapewa kiti. Kukataa ni kumwambia mwenye nyumba humtaki. Nyumbani mama yangu alinijazia kopo kila nilipokwenda. Kwenye mkoba zilikuwapo, kwenye basi nilitafuna, nikikaanga sampuli nilitafuna ili mdomo usikae bure. Nilivyokuwa natema kwa bidii mezani, ndivyo nilivyokuwa nameza njiani.

Nilipelekwa Mwanza kuingizwa ule mpira wenye kamera. Sitawadanganya kwamba sikuogopa. Njia nzima sikuzungumza, na mume wangu, ambaye kukaa kimya kwake ni mateso, alikaa kimya pamoja nami. Majibu yalikuwa vidonda. Vidonda tu kwenye umio, vya tindikali kupanda miaka mingi. Haikuwa ile saratani ya Mzee. Nilipoambiwa nililia mbele ya watu, na hata soda haikuwepo.

Nilimuuliza daktari wa huko kama emwani ndizo zilizomuua Mzee wangu. Akasema hapana, asingeweza kusema hivyo. Watu wengi wanatafuna na kunywa maisha yao yote wasipate kitu. Kahawa inaweza kuchokoza kiungulia kwa mtu ambaye tayari anacho. Kibaya ni kiungulia cha miaka kisichoangaliwa, na zaidi chakula kikianza kukwama, au mtu kukonda bila sababu, au kutapika damu. Hapo hakuna kusubiri. Hayo nayaandika kama alivyoyasema, myashike.

Sasa yanayosaidia, maana najua mtaniuliza. Nilipewa dawa ya kumeza asubuhi kabla ya chakula, nikamaliza dozi, sikuacha nilipopata nafuu. Magadi niliambiwa niyaachie maharage. Nilianza kula kidogo kidogo badala ya ule mlima wa ndizi tunaouita sahani. Chakula cha jioni nakula mapema, na silali mpaka kishuke. Baada ya kula siinami shambani na sikazi kitenge tumboni. Nyanya mbichi, pilipili na mafuta ya kukaangia vinanichokoza. Ndizi za kuchemsha na samaki wa mchuzi mwepesi havina neno nami. Senene nawatazama wengine wakila, na ninawachukia kidogo, inapita. Mwingine atachokozwa na vingine, kila tumbo lina tabia yake.

Na kitanda nimekiinua kichwani kwa matofali. Mume wangu siku ya kwanza aliteleza mpaka miguuni, akauliza kama tumehamia mlimani. Nikamwambia ashukuru ni tofali moja moja. Amezoea. Siku hizi akienda kulala kwa ndugu zake analalamika kwamba wana vitanda vya ajabu, vimelala bapa.

Kuacha emwani ndiko kulikonishinda, na si kwa sababu ya mdomo. Nilikwenda Muleba kwa mama. Alikuwa mzee sana wakati huo, macho yake hafifu, lakini aliinuka mwenyewe kuleta kikapu kidogo, akanichagulia emwani nzuri kwa vidole, akanipa. Nikazipokea kwa mikono miwili. Nikakaa nazo.

"Mbona sisikii meno?" akauliza.

Nikamweleza yote: moto, ulimi, Mwanza, daktari. Alisikiliza kichwa kimeinama. Nilipomaliza akasema kwa Kihaya, polepole, kwamba ameishi mpaka kuona mtoto aliyemzaa anaingia nyumbani kwake asikaribishwe. Sijawahi kupigwa na mama yangu kwa fimbo kukaniuma vile. Nilifungua mdomo nizile, na liwalo na liwe, akanishika mkono.

"Lete," akasema. "Nitakutafunia."

Akazichukua kutoka kiganjani mwangu, akapasua ganda, akatafuna zile kokwa mbili zangu kwa meno yake machache, taratibu, akinitazama upande niliopo. Alipozimaliza akasema, "Haya. Umekaribishwa." Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi yetu. Ananipa, napokea, namrudishia, anatafuna. Kwa wakulima nilikuwa napokea kwa mikono miwili, nashukuru, nafunga kwenye pindo la kitenge nikisema nampelekea mama. Hakuna hata mmoja aliyechukia. Walikuwa wananiongezea.

Ulimi wangu ulichukua miezi. Pua ilitangulia kurudi. Asubuhi moja mume wangu aliniwekea glasi tatu mezani, ya bomba, ya kisima na ya ziwani, bila mimi kumwomba. Alikuwa amekwenda mpaka ziwani kuchota. Nikaonja, nikamwambia ipi ni ipi, naye akaenda nje akidai anatazama ng'ombe. Hatuna ng'ombe.

Niliporudi mezani ndipo tulipoanza ile desturi mnayoiona ya kawaida. Kabla ya kijiko, kila mmoja anasema kinywa chake kikoje. Safi, au leo sina ulimi. Anayesema hana ulimi anakaa pembeni, hakuna anayemuuliza zaidi, na hakuna aliyeondolewa kazini kwa neno hilo siku zote nilizokuwa pale. Niliweka hilo kwa ajili ya Mzee Twaha. Angekuwa na sehemu ya kulisemea neno hilo, labda angelisema mapema.

Na wewe uliyegeukia ukutani, kila asubuhi ulikuwa unasema safi. Nilikuwa nimesimama karibu yako, nikaamini. Sikulaumu. Unaogopa kama nilivyoogopa, na una watoto wa kusomesha. Lakini nilikuangalia vizuri siku ile ya sherehe: ndizi uliziacha kwenye sahani.

Mama alifariki miaka michache iliyopita, tukamlaza kibanjani, kati ya migomba, hatua kidogo kutoka mlango wake. Baada ya nyinyi kuniaga nilipanda basi kwenda Muleba na lile fungu lenu la emwani. Nikaketi kando ya kaburi, nikalifungua, nikaziweka pale moja moja, nikamwambia, "Mama, nimestaafu. Nitafunie." Nililia sana, safari hii bila kujizuia, mpaka jirani akaja kusimama karibu nami.

Sikuzimaliza zote. Nimebakiza chache, zipo hapa barazani kwenye kikapu chake. Ni zako. Ukishasoma haya, njoo Kibeta kesho yake asubuhi, usije umekula, maana huenda watataka kukupima. Nitakupa emwani kwa mikono miwili, nawe utapokea kwa mikono miwili. Hutazitafuna. Utazishika tu ujue umekaribishwa, kisha nitachukua mwavuli wangu, tutakwenda hospitali wote wawili.